Chora unachokiona: Daftari la mazingira na afya yako

Barua nyingi zinazofika mezani pangu hulalamikia mambo matatu: usingizi hauji, kichwa kinauma kila jioni, na moyo unapiga mbio bila sababu ya kueleweka. Wenye barua hizo aghalabu wamekwisha kupimwa. Damu haina kasoro, picha ya kifua ni safi, sukari iko sawa. Wameambiwa wapunguze mawazo. Nao wanauliza, na wana haki ya kuuliza, mawazo hupunguzwa vipi ilhali kodi ya nyumba haijapungua, karo inangoja, na matatu inakaa saa nzima bila kusonga kwenye Jogoo Road.

Baadhi ya wagonjwa wa namna hii huwapa, pamoja na ushauri wa kawaida, agizo ambalo huwachekesha. Huwaambia wakanunue daftari lisilo na mistari na penseli moja. Kila siku, kwa dakika kumi na tano, watazame kitu kimoja cha maumbile, kama vile jani, ndege, mdudu, wingu au mwezi, wakichore jinsi walivyokiona, kisha waandike tarehe, saa, hali ya hewa na lolote walilolitambua. Daftari la namna hiyo nitaliita hapa daftari la mazingira. Leo nataka kueleza jinsi linavyowekwa, na kwa nini daktari anajishughulisha na jambo linaloonekana kuwa la wachoraji.

Kabla hujafungua ukurasa wa michezo ukisema hujui kuchora, kumbuka somo la bayolojia. Karibu kila aliyepitia shule ya sekondari nchini aliwahi kuwekewa panzi au ua mbele yake na kuambiwa achore. Mwalimu hakutaka uzuri. Alitaka mstari mmoja ulio wazi, usiokatika-katika, bila kivuli. Majina ya sehemu yaandikwe pembeni kwa mistari isiyokatizana. Chini uandike mchoro ni mkubwa mara ngapi kuliko kitu chenyewe. Sheria hizo ndizo tutakazozitumia, isipokuwa safari hii hakuna atakayekukata alama.

Sisi tuliosomea udaktari tuliendelea nazo. Maabarani tulichora chembe za damu na vipande vya ini tulivyoviona kwa hadubini. Vitabu vilikuwa na picha nzuri zaidi kuliko michoro yetu, lakini mkono unapochora jicho hulazimika kurudi kwenye kitu chenyewe tena na tena, na kila linaporudi hukuta jambo jipya. Daktari Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora chembe za ubongo kwa mkono wake, na michoro hiyo ilikuwa sehemu ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Bado inatumiwa kufundishia.

Hebu fanya jaribio dogo. Bila kutoka nje, jaribu kumchora kunguru wa Nairobi, yule mweusi mwenye weupe. Umemwona maelfu ya mara akipekua mapipa. Je, weupe wake unaishia kifuani, au unazunguka hadi nyuma ya shingo? Wengi hawana hakika. Unazunguka. Msomaji wa Mombasa naye ana kunguru mwingine, mwembamba, mwenye ukosi wa kijivu, aliyeletwa kutoka Bara Hindi. Macho hayana pazia, lakini yana haraka, na jicho lenye haraka huridhika na jina. Likishasema "kunguru" huona limemaliza kazi.

Mwili unapata nini?

Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, pumzi huwa fupi. Hali hiyo ilikusudiwa kumsaidia mtu kumkimbia mnyama mkali, kisha itulie. Mkaazi wa mjini humkimbia mnyama huyo kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, wala huwezi kuuambia ubongo uache kufikiria deni. Ukiuambia hivyo ndipo unalifikiria zaidi. Lakini unaweza kuyapa macho na mkono kazi inayohitaji uangalifu wote. Anayehesabu mishipa ya jani la mwembe hana nafasi ya kuhesabu madeni kwa wakati huo huo. Pumzi hurefuka yenyewe.

Kuhusu manufaa ya kutazama miti, ushahidi upo, ingawa nitausema kwa tahadhari. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa rekodi za wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 23 walikuwa wamelazwa vyumba ambavyo dirisha lake lilitazama miti. Wengine 23, waliofanana nao kwa umri na mambo mengine, dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Huko Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusisha takriban watu 20,000 ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira asilia walielekea zaidi kusema afya yao ni njema kuliko wale wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za siku moja au zimegawanywa.

Uchunguzi kama huo wa pili hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyoleta afya. Pengine wenye afya ndio wanaopata nguvu ya kutoka. Hata hivyo nikilinganisha gharama ya penseli na gharama ya tembe za usingizi, ambazo huzoesha mwili na kumfanya mzee aanguke usiku akienda msalani, najua ninachopendelea kukijaribu kwanza.

Kuna na suala la kumbukumbu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu walioambiwa wachore kitu baada ya kulisoma jina lake walilikumbuka vyema kuliko walioliandika mara kadhaa, hata pale michoro yao ilipokuwa mibaya. Hili nawaambia hasa wastaafu wanaolalamika kwamba siku hizi hawakumbuki walichokula jana.

Jinsi ya kuanza

Daftari liwe na jalada gumu, dogo la kuingia mfukoni au kwenye mkoba. Penseli ya HB au 2B yatosha. Beba rula fupi. Kifutio kiache nyumbani, kwa sababu mtu mwenye kifutio hufuta badala ya kutazama. Mstari uliokosea uache, chora wa pili kando yake. Rangi si lazima. Andika kwa maneno: "kijani kama chai changa", "hudhurungi ya mkate uliopikwa".

Juu ya kila ukurasa andika tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Mchoro usio na tarehe ni sawa na chupa ya damu iliyofika maabarani bila jina la mgonjwa.

Dakika mbili za kwanza usichore. Tazama tu. Kisha weka ncha ya penseli kwenye karatasi, yaelekeze macho kwenye ukingo wa kitu chenyewe, na uufuate ukingo huo polepole huku mkono ukisogea bila wewe kutazama karatasi. Mchoro utakaotokea utachekesha. Ni mazoezi tu, kama mchezaji anavyonyoosha misuli kabla ya kukimbia. Baada ya hapo chora mchoro wako wa kweli, ukitazama kitu kwa muda mrefu kuliko unavyotazama karatasi.

Kisha maandishi. Mwalimu Mmarekani John Muir Laws, ambaye amefundisha watu wengi kuweka madaftari ya aina hii, huwapa wanafunzi wake mwanzo wa sentensi tatu ambao nimeona unafaa sana: naona, najiuliza, inanikumbusha. Usipite hapo. Usiandike kwamba ndege ni mzuri. Uzuri haupimiki. Andika urefu wa mdomo wake ukilinganisha na kichwa chake.

Ukurasa unaweza kuwa hivi. "Jumanne, Oktoba 14. Saa moja na nusu asubuhi. Kituoni karibu na Uwanja wa Nyayo. Mawingu. Naona korongo sita wakubwa juu ya mgunga, wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Miguu ni meupe kama iliyopakwa chokaa, lakini mmoja ana mabaka meusi mguuni. Najiuliza kama weupe huo ni rangi yake au ni kitu kilichopakwa. Inanikumbusha wazee wa baraza." Swali hilo ni zuri, na jibu lake lipo: miguu ya korongo huyo si myeupe. Huinyea mwenyewe, na unyevu wa kinyesi unapokauka humpunguzia joto. Watu hupita chini ya miti ile kila siku wakiwa na wasiwasi wa nguo zao tu, na sikatai kwamba wasiwasi huo una msingi.

Mahali pa kutazamia

Anayeishi Nairobi ana Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ana City Park, na ana msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kupigwa walipokuwa wakiutetea Januari 1999. Mama huyo alikuwa mwanabayolojia, na katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 anasimulia jinsi alivyokuwa akitazama mayai ya vyura utotoni, katika kijito kilichokuwa karibu na mugumo kijijini kwao Ihithe, Nyeri. Baadaye mti ulikatwa na kijito kikakauka. Fikiria kama asingekuwa amekitazama kijito kile. Angejuaje kwamba kuna kilichopotea?

Lakini sitaki mtu aseme hana nauli ya Karura. Nyumba ya chumba kimoja ghorofani ina mjusi kafiri ukutani. Mtazame vidole anavyovikunjua anapotembea darini kichwa chini, na uhesabu anakamata wadudu wangapi kwa robo saa karibu na taa. Gunia la sukuma wiki kwenye roshani lina vidukari chini ya majani, na aghalabu kuna chungu wanaowafuata kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa. Mwembe wa jirani hutoa majani mapya yaliyolegea, mekundu kama shaba, kisha yakawa ya kijani na kusimama imara. Chagua tawi moja, lifunge uzi, ulichore kila baada ya siku tatu. Msomaji wa Pwani ana bahari. Achore alama ya maji kwenye ukuta au nguzo, aandike na umbo la mwezi, na baada ya majuma manne atajionea mwenyewe kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wavuvi hawahitaji kuambiwa hilo. Daftari lao wanalo kichwani tangu kwa babu zao.

Wanaopenda kutembea na wenzao wanaweza kuulizia matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Matembezi yake ya Jumatano asubuhi Nairobi yalianza mwaka 1971.

Mzee na kwera

Kuna mzee mmoja, karani mstaafu, ninayemtibu shinikizo la damu. Mkewe alipofariki alianza kuamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri. Hakuwa na dalili za ugonjwa wa kuomboleza kupita kiasi; alikuwa na huzuni ya kawaida ya mtu aliyeishi na mwenzake miaka thelathini na kitu. Sikumpa tembe za usingizi. Tulizungumza, nikamwomba aje na bintiye, na nikampa lile agizo la daftari. Hakucheka. Aliuliza achore nini, nikamwambia chochote kilicho nje ya dirisha la jikoni.

Alirudi baada ya majuma sita. Nje ya dirisha lile kulikuwa na mti na kwera walikuwa wakijenga. Alikuwa amechora pete ya kwanza ya majani mabichi ambayo dume huifuma kwenye ncha ya tawi, akasimama ndani yake na kuendelea kufuma kuizunguka. Alichora dume akining'inia kichwa chini chini ya kiota, akipiga mbawa kumwita jike aje akague. Jike aliingia, akavuta-vuta nyuzi kwa mdomo, akaenda zake. Kiota kikaanza kukauka na kuwa hudhurungi, na jike hapendi kiota kilichokauka. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno haya tu: "Leo amekibomoa. Ameanza kingine tawi lile lile." Mzee aliufungua ukurasa huo, akauelekeza kwangu, akaufunga.

Dawa zake za shinikizo anaendelea nazo na hana ruhusa ya kuziacha. Usingizi wake bado si wa kijana. Lakini akiamka siku hizi husubiri kusikia ni ndege gani atalia wa kwanza, na huandika saa. Bintiye ananiambia kwamba ameanza kutoka hadi kiwanja cha jirani, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi.

Pale daftari linapomsaidia daktari

Sasa nije kwenye sehemu inayonigusa zaidi kikazi. Mgonjwa akiniambia "kifua hunibana mara kwa mara", hajanipa kitu. Mgonjwa mwenye tarehe amenipa nusu ya matibabu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ana pumu. Kwa muda mrefu alilaumu baridi. Alipoanza daftari lake la mazingira nilimwomba aongeze mstari mmoja chini ya kila ukurasa: kifua kikoje leo. Alikuwa akichora nyasi za uwanja wa shule, na baada ya mvua za masika alichora mashuke yake yakichanua na kutoa chavua, ule unga mwembamba wa maua. Tulipoyapitia maandishi yake ya miezi mitatu tuliona kwamba usiku mbaya ulifuata siku ambazo nyasi zilizochanua zilifyekwa, hata zile siku zilizokuwa na joto. Huo si ushahidi wa mahakamani, lakini ulitosha kutuonyesha pa kuanzia. Sasa hutumia dawa yake ya kuvuta ya kuzuia shambulio kila siku badala ya kungoja mpaka abanwe, na mkuu wa shule alikubali nyasi zifyekwe kabla ya kuchanua na watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Mwingine mwenye pumu anaweza kuona sababu tofauti kabisa, kama vile vumbi, moshi wa jiko la makaa, paka, au ukungu wa ukutani. Ndiyo maana naogopa kuwapa watu orodha. Afadhali waniletee tarehe.

Mfano wa pili ni mdudu ambaye Wakenya humwita Nairobi fly, ingawa si nzi bali ni wa jamii ya mbawakawa. Mchore ukipata nafasi, bila kumgusa. Hafiki sentimita moja. Kichwa ni cheusi, kifua chekundu cha machungwa, kisha pana vifuniko vifupi vya mbawa vyenye rangi ya buluu inayometameta, tumbo jekundu, na ncha nyeusi. Hang'ati wala hachomi. Madhara yako katika maji ya mwili wake, na humpata mtu anapomponda kwenye ngozi. Maumivu hayaji papo hapo. Siku ya pili ndipo ngozi huwa nyekundu na kutoa malengelenge, mara nyingi katika mstari mrefu pale mkono ulipomburura. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliwaleta kwa wingi mno, na huja tena mvua zikizidi.

Nimewapokea watu wenye mstari huo wa malengelenge waliokwisha kujihukumu kwamba ni mkanda wa jeshi. Kwa kuwa hapa kwetu mkanda wa jeshi umehusishwa sana na virusi vya Ukimwi, unaweza kuelewa usiku waliolala. Mmoja alikuwa hajamwambia mkewe kwa siku nne. Mtu ambaye amewahi kumchora mdudu huyo, akaandika kwamba alimwona karibu na balbu Alhamisi baada ya mvua, ana jambo la kumweleza daktari Jumamosi. Ukimwona mwilini mpulize aondoke, usimpige. Ukimponda, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, na usiyapeleke mikono machoni. Usipake dawa ya meno.

Mfano wa tatu ni maji yaliyotuama. Tazama ndani ya mkebe au tairi lililojaa mvua, uchore viluwiluwi vya mbu. Vikilala sambamba na uso wa maji, ni vya anofelesi, mbu anayeeneza malaria. Vikining'inia kichwa chini huku mrija wa kupumulia ukigusa juu, ni vya jamii nyingine, na miongoni mwao yumo mbu mwenye miguu ya madoa meupe anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliowahi kuisumbua Mombasa. Zamani tuliwaambia watu wa mjini kwamba malaria ni ya mashambani na ya ziwani. Sasa hatuna uhakika huo, kwa sababu mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye hupenda kuzaana katika matangi na mitungi ya maji ya mjini, aligunduliwa katika Kaunti ya Marsabit mwaka 2022. Ukishamaliza kuchora, mwaga maji hayo au funika tangi. Kutoka yai hadi mbu arukaye ni takriban wiki moja hadi mbili tu, kutegemea joto, kwa hivyo usingoje ukurasa wa pili.

Watoto

Mpe mtoto daftari lake, usimkosoe mchoro, na umtoe nje. Sababu moja ni macho. Katika uchunguzi uliofanywa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu asilimia 30 kati yao walikuwa wameanza kutoona vizuri mbali, dhidi ya asilimia 39 na nusu katika shule ambazo hazikuongeza. Inaonekana mwanga wa mchana wenyewe una kazi yake. Simu ya mzazi haina mwanga huo, hata ikiwa na picha za simba.

Tahadhari chache. Usiguse mnyaa, ule mti usio na majani unaopandwa kuwa ua, kwa maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Likitokea hilo osha jicho kwa maji mengi kwa robo saa na uende hospitali. Msituni nenda na mwenzako, tazama unapokanyaga, usitie mkono kwenye shimo. Usionje tunda usilolijua eti ndege analila. Na usimchore mtu bila idhini yake. Ugomvi nao una madhara kwa shinikizo la damu.

Nisisitize jambo moja zito. Daftari si tiba ya mfadhaiko mkubwa. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo umekuwa na huzuni isiyokuacha, hufurahii chochote, chakula na usingizi vimekutoka, au wazo la kujitoa uhai limekujia hata mara moja, mwone daktari au mhudumu wa afya leo hii, na mwambie mtu wa nyumbani. Vile vile maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, hayangoji kuandikwa tarehe.

Asiyejua aanzie wapi wiki hii aanze na mwezi mwandamo. Utafute upande wa magharibi mara tu jua linapotua. Sisi tulio karibu na ikweta mara nyingi huuona umelala chali kama mtumbwi, lakini ulalo wake hubadilika kadiri mwaka unavyosonga, kwa hivyo chora pembe zake zinaelekea wapi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na upime ni ngumi ngapi kutoka mwezi hadi upeo wa macho. Andika saa. Jioni ya pili simama pale pale kwa saa ile ile upime tena: utakuwa umepanda zaidi kidogo ya ngumi moja.